Kijiti cha Sauti Mbili

Sista Hilda alikipima kijiti changu mara ya kwanza. Akapima tena. Halafu akavuta kiti akakaa karibu yangu, na hapo nikajua sitaambiwa jambo zuri, maana manesi wa kituo chetu cha Ngamiani hawakai ovyo.

"Tunu," aliniita. "Kijiti chako hakijafunguliwa."

"Kilifunguliwa mwaka jana," nilisema. "Hapa hapa. Wewe ulikuwa likizo, lakini mwenzako alitupigia makofi."

"Kilifunguliwa nusu."

Nilicheka. Kwa mwaka mzima na zaidi nimepima joto la mwili kila alfajiri kabla sijatia mguu chini. Nimekunywa majani ambayo mama mkwe aliyaleta kutoka Muheza yamefungwa kwenye kipande cha kanga, machungu mpaka masikio yanawasha. Nimelala nimeinua miguu ukutani kama popo. Wifi yangu amesema mbele ya watu kwamba vijiti vinaozesha kizazi, na kwamba mtu aliyekaa na kijiti tangu usichana mpaka uzeeni hana haki ya kulia. Nina miaka thelathini na saba. Uzee wenyewe ndio huo.

"Nusu maana yake nini, sista?"

Nieleze kidogo, maana watakaosoma haya huenda hawajui. Kijiti cha bibi zetu kilikuwa kitu cha plastiki, chembamba kama njiti ya kiberiti, kikitiwa chini ya ngozi ya mkono na kutolewa baada ya miaka kadhaa. Chetu ni hai. Kinaoteshwa kwa chembe za mwili wako mwenyewe, kinatia mizizi kwenye mshipa na kutoa dawa yake chenyewe mpaka ukiambie basi. Hakitolewi kwa kisu. Kiliundwa hivyo makusudi, kwa sababu vile vya zamani kuna waume waliovitoa kwa wembe jikoni, mama wakwe wakishika miguu. Ndipo wanawake wa Tanga walipoandamana wakasema kwamba kama kijiti kitakuwa na ufunguo, ufunguo ashike somo, yule kungwi aliyekufunda ulipokuwa mwari, ambaye hali chakula cha mumeo wala hana undugu na wakwe zako. Tangu hapo kijiti kinafunguliwa kwa sauti mbili, yako na ya somo wako, mbele ya mashine ambayo jina lake rasmi ni refu na sisi tunaiita Sikio. Kukifunga ni rahisi. Sauti yako peke yako inatosha, saa yoyote utakayo.

Sista Hilda alinisikilizisha kumbukumbu ya siku ile. Sikio lilianza, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Tunu Shemhilu, unafungua kwa hiari yako?"

Kimya. Nikasikia bangili za somo wangu, Bi Mwamvita, zikigongana, nikakumbuka alivyonibana kidole. Mwari akiulizwa hajibu papo hapo. Ya kwanza ananyamaza, ya pili anainamisha uso, ya tatu ndiyo anajibu, tena kwa sauti ndogo. Anayerukia jibu ana tamaa. Bi Mwamvita ndiye aliyenifunda hivyo kabla sijaolewa, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Sikio likauliza tena. Kimya. Halafu sauti ya somo wangu, nene na ya kujiamini: "Nimemuuliza, naye amekubali."

"Imepokelewa," likasema Sikio.

Na mimi, mjinga wa watu, ndipo nikajibu, "Nafungua kwa hiari yangu," wakati mashine imeshamaliza kazi yake na nesi anapiga makofi. Vigelegele vikafuata. Nilivisikia vyote, na changu kimo.

"Si wewe peke yako," alisema Sista Hilda. "Tangu tulipoletewa kipimo hiki kipya nimeshawaona wengine. Wahandisi walioliunda Sikio hawakuwahi kuwekwa ndani wakafundwa. Walidhani mtu akiulizwa anajibu."

Kijiti kilichofunguliwa nusu, kwa sauti moja tu, alinieleza, kinaacha damu ya mwezi irudi. Mwili unajionyesha mzima, tumbo linauma kwa wakati wake, lakini yai halitoki. Mwaka wote ule nilikuwa nahesabu siku za kitu ambacho hakikuwepo.

"Basi nimlete Bi Mwamvita tuseme upya," nilisema, na kabla sijamaliza sentensi nikakumbuka.

Bi Mwamvita alipigwa na kiharusi mwezi wa Ramadhani. Upande wa kulia umelala. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, lakini hawezi kusema.

"Abadilishwe somo," nilisema.

"Somo anabadilishwa kwa kauli yake mwenyewe. Ama baada ya arobaini yake." Sista Hilda alisema hilo la pili akitazama dirisha. "Na Tunu, nimeyaona mayai yako. Yamebaki machache. Una mwaka mmoja, sanasana miwili. Siwezi kukuficha."

Kabla sijaondoka alifungua kabati akanipa Sikio dogo, lile wanalopeleka majumbani kwa wagonjwa. Lina ukubwa wa kisahani cha kahawa. Unalibandika mkononi, mnasema, basi. "Kaa nalo. Kuna siku hawa wagonjwa ulimi unafunguka kidogo. Mjaribu kila siku."

"Na nikileta mtu wa kuigiza sauti yake?"

Nilisema kwa mzaha, lakini yeye hakucheka. "Halidanganyiki hilo. Lingekuwa linadanganyika, wanawake wa mji huu wasingelala usingizi."

*

Nilikwenda kwa Bi Mwamvita jioni ile ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Nyumba yake iko barabara ya kumi na nne, mlango wa kijani, na hakuna harusi ya Ngamiani ambayo sauti yake haikuimba. Watu walikuwa wakisema Bi Mwamvita akianza kuimba hata bwana harusi anatokwa na machozi, na wanawake waliokuwa na kesi na waume zao walikuwa wanajikaza wasimtazame.

Nilimweka sawa kitandani, nikabandika Sikio mkononi mwangu.

"Tunu Shemhilu, unafungua kwa hiari yako?"

"Nafungua kwa hiari yangu," nilijibu, haraka safari hii, aibu nimeiacha mlangoni.

"Somo, thibitisha."

Alijaribu. Alifumba macho, akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikasimama. Ikatoka "ma", halafu "ma" nyingine, halafu mate.

"Sauti haijatambuliwa."

Tulirudia mpaka akaanza kujipiga paja kwa mkono mzima. Nilimshika mkono, nikamfuta mdomo, nikamwambia basi, somo wangu, tutajaribu kesho. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba radhi. Ndipo nilipokitazama kifua chake kikipanda na kushuka, na nikajikuta nawaza arobaini. Sikuwaza kwa mbali. Niliwaza vizuri kabisa, hata pilau niliiona. Mwanamke aliyenifundisha kuoga, kukaa, kusema hapana na kusema ndiyo, nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikimhesabia siku. Nilijichukia, nikamchemshia uji.

*

Mume wangu Mbaraka ni fundi wa sauti. Harusi ikiwa na ukumbi, yeye ndiye anayefunga spika, anarekodi, anasafisha kelele za vijiko na watoto, kisha anawapa wenyewe kumbukumbu yao. Ni mtu mpole. Katika miaka yetu tisa hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitolea neno baya. Mama yake akinisema, yeye ndiye huwa wa kwanza kumwambia mama, yaache. Lakini anataka mtoto. Anataka kwa namna ambayo akipita mbele ya shule ya chekechea anashuka kwenye baiskeli na kuisukuma.

Siku moja tulikuwa tumemaliza kula mchana. Alitoa sahani mwenyewe, akanawa, akarudi na kispika chake kidogo.

"Usikasirike kwanza," alisema. "Sikiliza."

Akabonyeza. Bi Mwamvita akasema mle sebuleni mwetu: "Nimemuuliza, naye amekubali."

Nilitazama mlangoni. Ilikuwa sauti yake kamili, na kale kamkwaruzo kake mwishoni mwa neno na ile tabia yake ya kulivuta "naye". Tangu Ramadhani nilikuwa nimeisikia mara moja tu, kwenye kumbukumbu ya kituoni. Machozi yalinitoka kwa kumkumbuka, kabla hata sijaelewa kitu hiki ni nini.

"Nimeikusanya kwenye harusi," alisema. "Nina Bi Mwamvita wa miaka mingi. Akiimba, akigombana na wapishi, akitoa nasaha. Mashine yangu ya kusafishia inaweza kuifundisha spika iseme chochote kama yeye. Sikio litakubali, Tunu. Nimelipima mawimbi yake, halioni tofauti."

"Sista Hilda anasema halidanganyiki."

"Sista Hilda ni nesi."

"Hii si sauti yake, Mbaraka."

"Ni yake. Na maneno ni yake. Mwaka jana si aliyasema? Si alikubali, mimi nikiwa pale nje ya kituo nasikia vigelegele? Kama wewe usingenyamaza kama mwari wa zamani, leo tungekuwa tunamfuta mtoto pua. Mimi nimeongeza nini ambacho hakikuwepo?"

Hilo ndilo lililoniudhi. Kila alichosema kilikuwa kweli. Somo alikubali, mimi nilikubali, mashine ndiyo iliyoharibu. Mayai yangu yanayeyuka na mzee wa watu hawezi kusema. Nani angetulaumu?

Sikio dogo lilikuwa juu ya kabati. Alilifuata akaliweka mezani mbele yangu. "Wewe sema yako tu."

Nilinyoosha mkono. Niseme kweli, niliunyoosha. Halafu nikaurudisha.

"Nipe muda. Nikamuulize mwenyewe."

"Atakujibuje?"

"Ana mkono mmoja mzima. Utatosha."

Alishusha pumzi, akanibusu utosini, akaenda kazini. Siku zilizofuata hakunisukuma hata kidogo. Alinunua embe, alitengeneza feni, Ijumaa baada ya pilau aliniambia nilale nipumzike na yeye ataosha vyombo. Nilidhani ni heshima, na nikampenda kwa hilo.

*

Jumamosi nilipofika barabara ya kumi na nne nilimkuta Saumu amekaa mkekani kando ya kitanda cha Bi Mwamvita, anamkanda miguu. Saumu ni mdogo wangu kwa somo, naye alifundwa na Bi Mwamvita, baada yangu. Ana watoto watatu. Wa mwisho alimtoa kwa operesheni mbili na damu ya kuongezewa, na daktari akamwambia mbele ya mumewe kwamba mimba ya nne itamuua.

"Dada Tunu, shikamoo."

"Marahaba. Huyo uliyemwacha nje na baiskeli ni mumeo, Kasimu?"

"Ndiye. Amenisindikiza." Alisema kwa kushusha sauti. "Amekuja kuona kama somo amepona. Kila wiki ananileta. Anataka somo akisema tu neno la kwanza, tufungue. Anataka wa kiume."

"Na wewe?"

"Mimi naombea asipone, dada." Aliinamisha uso, akaendelea kukanda. "Mungu anisamehe. Nampenda, ndiye aliyenilea. Lakini akinyamaza, mimi niko salama. Kasimu hawezi kunipiga nikafungua, maana hata nikifungua mdomo, sauti ya pili haipo."

Bi Mwamvita alikuwa anasikia yote. Macho yake yalikuwa wazi yanatazama dari.

"Ila juzi aliniuliza kitu," Saumu aliendelea. "Aliniuliza kama kwenye harusi yetu somo aliimba. Nikamwambia si unajua aliimba. Akasema amesikia Dar kuna watu wanaweza kumsemesha mtu hata kama ni bubu, wakiwa na wimbo wake. Nikamwambia Sikio halidanganyiki. Akasema tutaona. Halidanganyiki, si ndiyo, dada?"

Kila nyumba ya Ngamiani ina wimbo wa Bi Mwamvita. Nilimtazama Saumu, yale macho yake yanayongoja jibu, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Ndiyo. Halidanganyiki."

Alipoondoka nilimsikia Kasimu barazani akiuliza, "Vipi, amesema?" na yeye akijibu, "Bado."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikautia mkono wa somo wangu ndani ya wangu. Tulikuwa na lugha yetu. Akibana mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, hata arobaini, hata pilau. Sikutaka kumficha kitu mtu ambaye naenda kumwomba sauti.

"Mbaraka ameitengeneza," nilisema. "Naomba ruhusa yako, somo. Niitumie mara moja tu, kisha tuifute."

Machozi yalimtoka upande mmoja tu, ule mzima. Kisha akanibana mkono mara moja, kwa nguvu nisizotegemea kwamba bado anazo.

Ningeweza kuondoka hapo hapo na ndiyo yangu. Nilikuwa nimeshauinua mkoba.

"Na Saumu?" nilimuuliza. "Nikifungua kwa njia hii, mlango utabaki wazi na sisi tutakuwa tumenyamaza. Kasimu akija na wimbo wake, nani atamzuia?"

Vidole vyake havikusema ndiyo wala hapana. Viliachia tu vikalala juu ya shuka, na akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, somo wangu hakuwa na la kunifunza.

*

Nilirudi nyumbani nimeshaamua. Nilisema moyoni kwamba nitamwambia Mbaraka aifute, nitamrudishia Sista Hilda Sikio lake, na nitaendelea kumwombea Bi Mwamvita kila siku mpaka mayai yaishe au ulimi ufunguke. Uamuzi ule uliniuma mpaka kwenye meno, lakini ulikuwa wangu.

Mbaraka alikuwa sebuleni anakaza nyaya.

"Futa," nilimwambia.

"Amekataa?"

"Amekubali. Mimi ndiye nimekataa. Kuna mtu atakufa kwa kitu hicho, Mbaraka. Futa, na kesho tukawaambie kituoni kwamba Sikio linadanganyika, walirekebishe."

Hakubisha. Nilitegemea abishe. Aliendelea kukaza waya ule ule aliokuwa ameshaukaza.

Nililichukua Sikio dogo juu ya kabati, na kabla ya kulitia kwenye mkoba nikalibandika mkononi. Mazoea tu, nilikuwa nafanya hivyo kila siku.

"Habari, Tunu Shemhilu," likasema. "Kijiti kimefunguliwa. Sauti mbili zilipokelewa siku ya Ijumaa."

Nisidanganye. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha. Niliegemea kabati. Wazi. Ni wazi! Wakati huo huo, ndani ya mwili wangu, huenda yai linajiandaa, la kwanza tangu nilipokuwa msichana. Mkono wangu ulikwenda tumboni wenyewe.

Halafu nikarudia maneno ya Sikio kichwani. Sauti mbili.

"Mbaraka. Ya pili ni ya nani?"

"Yako."

"Mimi sikusema kitu Ijumaa. Ijumaa nililala."

Aliweka bisibisi chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwandalia mwenzake zawadi na sasa anaona imepokelewa vibaya. "Nina miaka tisa ya sauti yako, Tunu. Kwenye simu, kwenye harusi za watu, ukinicheka. Haikuwa kazi ngumu. Ulikuwa unajitesa. Nilikuona unavyohangaika kuamua, nikasema nikutue mzigo. Nilikubandikia ukiwa umelala, hata hukugeuka."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa?"

"Ijumaa? Nadhani ningekubali."

"Basi tatizo liko wapi?" Aliuliza kwa dhati. Alitaka kweli kujua. "Unataka mtoto. Mimi nataka mtoto. Somo amekubali. Wote tumekubali. Tatizo liko wapi?"

"Nilikuwa nimelala, Mbaraka."

Niliona kwamba hajaelewa, na kwamba ananipenda. Mambo yote mawili yalikuwemo usoni mwake kwa pamoja. Nikamfikiria Kasimu: ana nyumba, ana kitanda, ana wimbo. Saumu naye hulala mchana.

"Nakwenda kituoni," nilisema.

"Kwa baiskeli? Jua lote hili? Ngoja nikusindikize."

Na akanisindikiza. Watakaocheka na wacheke. Tulipita barabara za Ngamiani mmoja nyuma ya mwingine, yeye akinipigia kengele nikikaribia makutano, kama afanyavyo siku zote, na hakuna aliyetutazama ambaye angejua kwamba nakwenda kumshitaki.

*

Sista Hilda alikuwa peke yake chumbani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye sauti ya pili alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Una uhakika ni sauti yako iliyoigizwa, hukusema usingizini?"

"Nina uhakika."

Alilichukua Sikio dogo, akaichezesha kumbukumbu ya Ijumaa. Nikasikia mwanamke akisema kwa sauti yangu, haraka, bila haya, bila kumngoja mtu amuulize mara ya pili, "Nafungua kwa hiari yangu." Alisema vizuri kuliko mimi.

Sista Hilda aliweka mikono yote miwili mezani. Alionekana mzee ghafla.

"Nikiipeleka habari hii juu," alisema, "leo hii hii ufunguo wa Bi Mwamvita unazuiwa. Vijiti vyote vilivyo chini yake vinafungwa, chako cha kwanza. Baraza la makungwi litakaa, wahandisi wataitwa, kesi itaendeshwa. Nimeona kesi ndogo kuliko hii ikichukua miaka mitatu. Wewe huna miaka mitatu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na aliyefanya atafungwa jela. Sheria hiyo ni ya wanawake wenyewe, haina faini." Kisha akasema polepole, akichagua maneno. "Kwa upande mwingine, mimi sijaandika kitu bado. Kijiti chako kiko wazi, na kwa vipimo hivi, wiki hii ni wiki nzuri. Mimi ni mwanamke kama wewe, Tunu. Nimekuona ukitoka kwenye mlango huo mwezi baada ya mwezi. Ukiinuka sasa hivi ukaenda nyumbani, mimi sijasikia lolote. Nitatafuta njia nyingine ya kuwaambia kuhusu Sikio."

"Njia gani?"

Hakukuwa na njia nyingine, na yeye alijua, na alinionea huruma kiasi cha kunidanganya. Bila mtu wa kushuhudia, bila kijiti kilichofunguliwa, nani juu huko angeamini kwamba Sikio linadanganyika?

Nililia. Nilijifunika na mtandio nikalia kwa sauti, mle chumbani, mpaka nikashikwa na kwikwi. Sikulia kwa sababu ya haki wala sheria. Nililia kwa sababu nilimtaka mtoto yule. Nilimtaka wakati ule kuliko nilivyowahi kumtaka, na alikuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa, na mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yangu haujafungwa kwa ufunguo.

Sista Hilda aliniacha nimalize. Kisha akasogeza Sikio kubwa la mezani mbele yangu, lile la kupokelea mashitaka, na taa yake ikawaka.

"Inabidi useme mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kukusemea. Ni nani aliyetumia sauti yako?"

Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amevua kofia anajipepea.

"Mbaraka Hozza," nilisema. "Ni mume wangu. Yuko hapo nje, ananishikia baiskeli."